Mapenzi yaliyokatazwa: kisa cha Verona kilivyofika kwenye redio za Maziwa Makuu

Mwaka 2005 meli kutoka Kigoma zilianza kushusha Baraka, katika Fizi ya Kivu Kusini, wakimbizi wetu waliokuwa Tanzania. Walishuka na magodoro, masufuria na watoto waliozaliwa kambini Nyarugusu, ambao Fizi waliijua kwa masimulizi tu. Tunapokumbuka miaka ile tunazungumza juu ya mashamba yaliyokutwa na wenyewe wapya na nyumba zilizobomoka. Ni sawa. Lakini ulikuwa pia wakati ambapo redio za ukanda huu zilishikwa na kisa kimoja cha zamani: kijana na binti wanapendana, na wazee wao hawasalimiani.

Asili yake ni Italia. Luigi da Porto alikiandika akiwaweka wapenzi wake Verona, nacho kikachapwa karibu na mwaka 1530. Matteo Bandello alikisimulia upya mwaka 1554, Arthur Brooke akakitungia shairi refu la Kiingereza mwaka 1562, na William Shakespeare akakigeuza tamthilia iliyochapwa mara ya kwanza mwaka 1597. Watoto wanafungishwa ndoa ya siri, na siku chache baadaye wote wawili ni maiti. Ndipo wazee wanapopeana mikono. Mwalimu Nyerere alipomtafsiri Shakespeare alichagua Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Romeo na Juliet hakuwagusa.

Kwetu waliowagusa ni watu wa redio. Bujumbura, ng'ambo tu ya ziwa, Studio Ijambo ilifunguliwa mwaka 1995 vita vikiendelea, na mwaka 1997 mtunzi Marie-Louise Sibazuri akaanza mchezo wake, Umubanyi niwe muryango, wa familia jirani za Kihutu na Kitutsi.

Rwanda ilifuata mwaka 2004 na Musekeweya, mchezo wa shirika la La Benevolencija. Kuyataja makabila hewani lilikuwa jambo gumu, kwa hiyo watunzi wakajenga vilima viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro. Ugomvi wao ni wa ardhi: kilima kimoja kimependelewa na serikali, kingine kinaona njaa. Binti Batamuliza ni wa huku, kijana Shema ni wa kule, nao wanapendana. Kaka yake Batamuliza ndiye anayewasha moto wa vita. Na hapa watunzi walifanya jambo ambalo Shakespeare hakulifanya: wapenzi hawakukimbilia kaburini, waliwakusanya vijana wenzao wakawapinga wakubwa hadharani.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Elizabeth Levy Paluck, aliwafuatilia wasikilizaji kwa mwaka mzima. Vikundi vingine vilisikiliza Musekeweya, vingine mchezo wa mambo ya afya. Yale watu waliyoyaamini moyoni hayakubadilika sana. Kilichobadilika ni walivyoliona lililo halali kutendwa. Waliosikiliza habari za Batamuliza walilegeza msimamo kwamba mzazi amshauri mwanawe aoe watu wa kwao tu. Mwishoni kila kikundi kilipewa redio na kanda za mchezo. Vikundi vya mchezo wa afya vilielekea kumwachia kiongozi wa mtaa avitunze. Vya Musekeweya vilibishana, kisha wakaamua kuvitunza wenyewe kwa pamoja.

Mafanikio hayo yalileta Kumbuka Kesho, mchezo wa Kiswahili wa Kongo ya mashariki. Hapa ndipo penye mvutano ninaoona unatuhusu kuliko yote. Katika baadhi ya maeneo, mchezo ulipokwisha kilifuata kipindi cha kuwahimiza wasikilizaji wajadiliane na kujiweka katika nafasi ya mwenzao. Nani angepinga? Kuzungumza ndiyo dawa, tumeambiwa hivyo katika kila semina ya amani. Paluck alipopima akakuta kinyume. Waliosikia kipindi hicho walijadiliana zaidi, naam, lakini uvumilivu wao ulipungua na manung'uniko yao yakaongezeka. Kipimo kimojawapo kilikuwa chumvi: mtu anapewa mfuko wake, kisha anaulizwa kama angependa kuigawia jamii asiyoipenda. Waliohimizwa kujadiliana walikuwa wagumu zaidi kutoa.

Mtu wa Fizi hapaswi kushangaa. Uhasama wetu unaanzia kwenye ng'ombe wanaoshuka kiangazi kutoka nyanda za juu kutafuta malisho, kwenye mihogo iliyokanyagwa, kwenye itulo, ada ya malisho ambayo mfugaji amlipe chifu au asimlipe. Kisha inakuja 1964 na uasi wa Simba, uliowaweka Wabembe wengi, wakulima, na Wanyamulenge wengi, wafugaji, pande mbili. Kisha mauaji ya Lueba mwaka 1996, na ya Makobola mwishoni mwa 1998, kila upande na makaburi yake. Mwaka 2020, kumsimika meya wa Minembwe, huko nyanda za juu, kulitosha kuchafua nchi nzima mpaka rais akafuta jambo hilo. Ndoa kati ya pande hizi zipo, ni chache. Posa ya namna hiyo ikifikishwa kwa wazee, mjomba mmoja atauliza habari za ng'ombe wa mahari, mwingine atataja waliouawa, na kabla chai haijapoa binti mwenyewe amesahauliwa. Huo ni mjadala pia.

Ndiyo maana naheshimu zaidi maigizo shirikishi yaliyoletwa Kivu Kusini na Centre Lokole ya shirika la Search for Common Ground katika miaka ya kurudi kwa wakimbizi. Waigizaji walifika kijijini, wakasikiliza ugomvi uliopo, wakauigiza sokoni, na ulipofika pabaya wakasimama. Mtazamaji aliyeona baba anakosea aliitwa uwanjani achukue nafasi ya baba. Hapewi kipaza sauti cha kulalamika juu ya 1964. Yuko mbele ya binti anayelia na mkwe aliyesimama mlangoni, na anatakiwa atende, majirani wote wakimtazama. Wengi waliopanda kwa kelele walijikuta wanatafuta maneno.

Vita vilivyofuata vimeyafunika mengi ya haya, na kazi iliyotegemea fedha za wafadhili husimama fedha zikikatika. Mimi naona ni uzembe wetu. Baraka ina redio zake na Fizi ina vijana wanaoigiza makanisani kila Krismasi. Mchezo wa kila juma wa binti wa Mutambala na kijana wa Minembwe, wenye majina ya vilima vya kubuni kama walivyofanya Warwanda, unahitaji chumba kimoja, kinasa sauti na mtunzi mwenye subira. Na wapenzi wasife.