Skrubu ya Robo Inchi: Kabla Ununue Braketi, Soma Hii Kwanza

Wasee, geuza kamera yako uiangalie tumbo. Kamera yoyote ile, ya kisasa unayoilipia pole pole, ile ya filamu ya guka iliyolala kabatini, hata ile kubwa ya video iliyokuwa inashoot harusi za miaka ya 90. Hapo chini kuna kitundu kimoja chenye meno ndani, na karibu kila mara skrubu ya tripodi ya leo itaingia. Fikiria hiyo maneno. Chaja za simu zimebadilika tukiangalia, lenzi ya Canon haiingii kwa mwili wa Nikon, betri hazifanani hata kwa kamera mbili za kampuni moja. Lakini hicho kitundu kimekataa kubadilika.

Watu wengi huniuliza kwa DM ni braketi gani wanunue ya kufunga kamera au simu kwa tripodi. Jibu langu huanzia kwa hicho kitundu, ju historia yake ndiyo inaonyesha braketi itakayokufaa miaka kumi na ile utaitupa kabla Disemba ifike.

Kipimo chake ni upana wa robo inchi na meno 20 kwa kila inchi. Ndiyo, inchi, hata kama kamera imetengenezwa Japani ambako kila kitu kinapimwa kwa milimita. Hii stori inaanzia karakana za Uingereza wakati wa mashine za mvuke. Kila karakana ilikuwa inakata skrubu zake kivyake. Bolti ikipotea, ulirudi kwa fundi yule yule aliyeitengeneza, na bei ilikuwa yake kusema. Joseph Whitworth, fundi mitambo wa Manchester, akakusanya bolti kutoka karakana nyingi, akazipima, akatafuta wastani, na mwaka 1841 akapendekeza kipimo kimoja kwa wote. Robo inchi ikapata meno 20, yakiwa na pembe ya digrii 55. Kampuni za reli zikaikumbatia, na reli wakati huo ndiyo ilikuwa pesa.

Wamarekani wakaenda njia yao. Mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia alileta kipimo chake cha digrii 60, ambacho kilikuwa rahisi zaidi kukata. Hapa ndipo bahati yetu ilipo. Kwa bolti ya nusu inchi, Whitworth ana meno 12 na Sellers ana 13, kwa hivyo hazielewani kabisa. Lakini kwa robo inchi wote wawili waliweka 20. Pembe haziko sawa, lakini kwa kazi nyepesi kama kushika kamera, ya Mwingereza inaingia kwa ya Mmarekani na inashika.

Kama unaona hii ni mambo ya mafundi tu, angalia Baltimore, Februari 1904. Moto ulishika katikati ya mji, na wazima moto wakaja kwa treni kutoka Washington, Philadelphia na kwingine. Mipira yao mingi ya maji haikuingia kwa mabomba ya Baltimore, ju meno yalikuwa tofauti. Watu wamesimama na injini zao, maji yapo, na majengo yanaungua. Zaidi ya majengo 1,500 yaliteketea. Vita vya pili vya dunia navyo vikaonyesha shida hiyo hiyo kwa mitambo ya jeshi, na mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada wakaketi chini wakakubaliana kipimo kimoja cha skrubu za inchi.

Wapiga picha waliihitaji skrubu mapema sana. Daguerre alipotangaza picha zake mwaka 1839, lenzi ilibidi ikae wazi kwa dakika kadhaa. Ile picha yake maarufu ya barabara ya Boulevard du Temple kule Paris inaonekana kama mji umehamwa, na barabara ilikuwa imejaa. Waliokuwa wanatembea hawakukaa mahali pamoja vya kutosha kuonekana. Anayeonekana ni jamaa aliyesimama kung'arishwa viatu. Sasa fikiria kamera nayo ingekuwa inatingika! Miguu mitatu ilikuwa tayari inatumiwa na wapima ardhi, wapiga picha wakaichukua.

Ulaya kuna waliotumia skrubu nene zaidi ya inchi 3/8, na Leica za zamani zilikuwa nayo. Ndiyo maana wakati mwingine tripodi huja na kipete kidogo cha shaba ambacho watu hutupa na kartoni. Usitupe. Hicho hugeuza tundu la 3/8 kuwa la robo. Leo vipimo vyote viwili vimeandikwa kwa kiwango cha kimataifa, ISO 1222, na hakuna kampuni unayolipa ndiyo ukate skrubu hiyo.

Shida inaanza juu ya skrubu. Kufungua na kufunga kila saa inachosha, kwa hivyo kampuni zikaleta sahani ndogo: unaifunga chini ya kamera mara moja, halafu inaingia na kutoka kwa kichwa cha tripodi haraka. Manfrotto wa Italia wana yao, wengine wana zao, na ukipoteza sahani uko pale pale pa karakana za kabla ya 1841, unamtafuta mwenyewe. Sahani iliyoenea zaidi kwa wapiga picha ni ya Arca-Swiss, kampuni iliyoanzia Uswisi, yenye kingo mbili zilizolala mshazari na upana wa karibu milimita 38. Wengine waliiiga hadi ikawa kawaida. Lakini hiyo haikuandikwa kama kiwango, ni mazoea tu, kwa hivyo sahani ya kampuni moja inaweza kupishana na ya nyingine kidogo sana. Kwa hivyo mimi napenda kichwa kinachokazwa kwa kuzungusha kuliko kile cha kubana kwa mkono mmoja. Cha kuzungusha kinafuata sahani ilivyo.

Na sisi tunashoot wima. Rafiki yangu alikuwa anashoot ruracio Limuru, kamera imelazwa upande kwa tripodi ya kawaida, na katikati ya wazee kuongea lenzi ikaanza kuinama pole pole kama mtu anayesinzia. Skrubu ni moja, uzito wote unavuta upande, kamera inajizungusha. Dawa yake ni braketi ya umbo la L, iliyotengenezewa modeli ya kamera yako. Inakumbatia mwili ili usizunguke, na ukitaka wima unafunga ule upande mwingine, uzito unabaki katikati ya miguu.

Hata GoPro, waliokuja na vidole vyao vya plastiki, mwaka 2023 waliweka tundu la robo inchi kwa HERO12. Simu ndiyo haina tundu, kwa hivyo simu lazima ivalishwe braketi. Chukua ya chuma au alumini, inayokazwa kwa skrubu badala ya springi peke yake, yenye tundu la robo inchi chini na lingine upande. Ikiwa na kingo za Arca, poa zaidi.

Kitu kimoja cha kuogopa ni bolti ya milimita 6. Kwa macho zinafanana kabisa na robo inchi, ambayo ni milimita 6.35, lakini nafasi kati ya jino na jino ni tofauti, 1 kwa 1.27. Itaingia kidogo, itashika vibaya, na ukiikaza kwa nguvu inasaga meno ya kamera yako. Kwa hivyo ukishuka Luthuli Avenue, beba skrubu ya tripodi yako mfukoni. Izungushe kwa vidole ndani ya tundu la braketi kabla ya kutoa pesa. Ikienda mizunguko mitatu bila kulazimishwa, lipa. Ikikwama, mrudishie muuzaji na uingie duka linalofuata.