Jinsi jongoo na mvinje walivyorudisha udongo Bamburi

Bustani ya Haller, iliyo Bamburi kaskazini mwa Mombasa, ni mfano mashuhuri wa jinsi udongo unavyoweza kuumbwa upya mahali ulipoondolewa kabisa.

Ardhi ya hapo imekalia mwamba wa matumbawe ya kale yaliyoota chini ya bahari zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati maji yalipokuwa juu kuliko leo. Chokaa ya mwamba huo ndiyo malighafi ya saruji, na kiwanda cha Bamburi kilianza kuichimba katika miaka ya 1950. Timbo lililobaki lilikuwa jangwa jeupe: halikuwa na udongo, jua lilichoma, na maji ya chumvichumvi yalikuwa karibu mno na uso wa ardhi.

Mwaka 1971, René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti humo. Kati ya aina 26 alizojaribu, ni tatu tu zilizostahimili: mvinje, mnazi na mti mmoja wenye asili ya Somalia. Mvinje ulishinda yote kwa kuwa huvumilia chumvi, na vijidudu vinavyoishi mizizini mwake huuvutia nitrojeni kutoka hewani.

Hata hivyo, majani yake makavu yalirundikana bila kuoza. Dawa ilikuwa jongoo wa pwani wenye miguu myekundu. Walipoletwa timboni walikula majani hayo, na kinyesi chao, kikisaidiwa na bakteria, kikawa mboji. Tabaka la udongo likaanza kujengeka, miti mingine ikaota, ndege na wanyama wakafuata. Mwaka 1987 Haller alituzwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP.

Leo bustani hiyo ni kivuli cha wakazi na watalii katika mji unaozidi kubanana. Funzo lake linavuka Pwani. Katika visiwa vyenye mawe na msongamano wa watu, kama Remba katika Ziwa Victoria, Kaunti ya Homa Bay, udongo ni haba na kila mti una thamani. Bamburi inaonyesha kwamba udongo hurejea, lakini kwa miaka mingi ya subira. Kuulinda uliopo ni rahisi kuliko kuuumba upya.