Maandeeq: Ngamia Aliyebeba Vita vya Kaskazini

Ngamia jike hatoi maziwa kwa nguvu. Wafugaji wa Bute, kule Wajir Kaskazini karibu na mpaka wa Ethiopia, humtanguliza ndama anyonye kwanza. Mama akishateremsha maziwa, mkamaji husimama kwa mguu mmoja, akaukunja wa pili na kukiweka chombo juu ya goti. Ndama akifa, mama huweza kuyazuia maziwa, na hapo huletewa ngozi ya mwanawe ainuse. Naanzia zizini kwa sababu mashairi ya vita vya kaskazini mwa Kenya hayaeleweki bila zizi.

Sheria ya kikoloni ya 1902, na nyingine ya 1934 iliyokaza zaidi, ziliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Mgeni hakuingia wala mwenyeji hakutoka bila kibali. Shule zilikuwa chache mno, na Kisomali hakikuwa na maandishi rasmi. Kwa hiyo hoja za siasa zilisafiri kwa tungo: gabay, utungo mrefu wa wanaume, na buraanbur, utungo wa wanawake, zikihifadhiwa kichwani na baadaye kupeperushwa na redio.

Mwaka 1960 Somalia ilipata uhuru. Bendera yake ilikuwa na nyota ya ncha tano, na ncha moja ilisimama kwa ajili ya wilaya hii iliyobaki Kenya. Malenga Abdillahi Suldaan, aliyejulikana kama Timacadde, alighani shairi lake mashuhuri bendera hiyo ilipopandishwa Hargeisa. Dola changa washairi waliiita Maandeeq, ngamia jike ashibishaye akili. Mkoloni akawa mwizi aliyemswaga, uhuru ukawa siku ya kumrudisha, na swali likabaki: nani atamkama, na nani atapewa maziwa?

Kwa nini ngamia? Wapo wanaosema fumbo lilikuwa ngao, kwamba mshairi alisema la mifugo ili askari asisikie la siasa. Maelezo hayo yana ukweli wake mahali penye hali ya hatari, lakini hayatoshi: Hargeisa na Mogadishu, ambako hakukuwa na la kuficha, Maandeeq aliimbwa hadharani. Naona sababu ya pili ina uzito zaidi. Ngamia alikuwa mali, mahari, fidia ya damu na usafiri, na malenga wa Kisomali walimtungia kabla Mzungu hajafika. Mshairi hakwenda kutafuta ishara. Alikuwa anaishi nayo.

Mwishoni mwa 1962 tume ya watu wawili, Mnigeria na Mkanada, ilizunguka wilaya hiyo na kukuta kwamba Wasomali walio wengi walitaka kujiunga na Somalia. Machi 1963 Uingereza iliamua vinginevyo, na Somalia ikavunja uhusiano nayo. Kabla mwaka haujaisha, Kenya huru ilikuwa imetangaza hali ya hatari kaskazini. Wapiganaji walijiona wakombozi. Serikali ikawaita shifta, neno la Ethiopia lenye maana ya jambazi au mwasi. Jina hilo lilishinda vitabuni, na vita vikaitwa hivyo mpaka leo.

Kisha ishara ikageuka nyama na damu. Kuanzia 1966 serikali iliwakusanya wafugaji katika vijiji vilivyolindwa. Mifugo iliyozoea kufuata mvua ikabanwa mahali pamoja ikafa. Mingine ilitwaliwa, na ngamia walipigwa risasi kwa kudhaniwa kuwabebea waasi mizigo. Waborana wa Waso, upande wa Isiolo, wanakiita kipindi hicho Gaaf Daba, wakati mambo yaliposimama. Hapa ndipo ninapotofautiana na wachambuzi wanaosoma kila ngamia wa tungo hizi kama taifa. Mwanamke anayemlilia ngamia wake wa mwaka huo huenda anamlilia ngamia yule yule, aliyekuwa chakula cha watoto wake.

Oktoba 1967 Kenya na Somalia zilipatana Arusha, kwa upatanishi wa Kenneth Kaunda wa Zambia. Mwaka huo huo Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha *A Grain of Wheat*, riwaya ya Mau Mau na uhuru. Ishara yake ni ya mkulima: mbegu inayokufa ardhini ili iote. Nchi moja, vita viwili, na mbegu ikaingia darasani huku ngamia akibaki jangwani. Hati ilichangia, maana Kisomali kilipata alfabeti rasmi mwaka 1972 tu, tena ng'ambo ya mpaka. Hofu nayo ilichangia, kwani sheria ya 1970 iliwakinga maofisa dhidi ya kushtakiwa kwa yaliyotendeka kaskazini kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967.

Mwaka 1986 mwandishi Msomali Nuruddin Farah alitoa *Maps*, riwaya ya vita vya Ogaden kati ya Somalia na Ethiopia. Ngamia si ishara kuu tena. Mahali pake pana ramani. Askar, yatima wa Kisomali, analelewa na Misra, mwanamke wa Kioromo, kisha vita vinamdai achague kati ya mlezi na taifa. Huko Bute wako Waajuran wengi ambao lugha yao ya nyumbani ni Kiborana, tawi la Kioromo, na nasaba yao huihesabu kwa Wasomali. Kwao, swali analoulizwa Askar si geni.