Strata, Sirati, Straat: Nasaba ya Neno Moja

Diepsloot, kaskazini mwa Johannesburg, ilianza mwaka 1995 kama makazi ya muda ya watu waliohamishwa kutoka Zevenfontein. Jina lake ni la Kiafrikana, maana yake mtaro wenye kina. Humo, mtaa huitwa straat kwa Kiafrikana, isitaladi kwa Kizulu, seterata kwa Kisotho. Muislamu apitaye hapo, awe Msomali, Myao au Mswahili, amekwisha kulitamka neno hilo hilo tangu alfajiri, ndani ya Al-Fatiha: sirati.

Asili ni moja. Kwa Kilatini via strata ni njia iliyotandazwa mawe. Makabila ya Kijerumani yalilichukua mapema, na Waholanzi wakalifikisha Rasi ya Tumaini Jema katika karne ya 17. Wareno nao wana estrada, Waitalia strada.

Upande wa mashariki lilipita Shamu, ambako mwishoni mwa karne ya 3 Kaisari Diocletian alijenga barabara ya jangwani kupitia Tadmur. Procopius, mwanahistoria wa karne ya 6, anasimulia ugomvi wa Harith wa Ghassan na Mundhir wa Hira juu ya malisho ya nchi iliyoitwa Strata. Harith alidai kuwa jina lenyewe, kwa kuwa ni la Kilatini, ni ushahidi kwamba ardhi ni ya Warumi. Mundhir akajibu kuwa wafugaji wa hapo wamekuwa wakimlipa yeye tangu zamani.

Wanazuoni wetu hawakuficha nasaba hiyo. As-Suyuti (aliyefariki 911 Hijria, yaani 1505) amenukuu katika Al-Itqan kauli kwamba sirati ni njia kwa lugha ya Rumi. Wengine waliirudisha kwenye kitenzi cha Kiarabu sarita, kumeza, kwani njia humeza msafiri.

Kiswahili kilikuwa na njia yake tayari. Kwa hiyo sirati ikabaki neno la dini: njia iliyonyooka, na daraja la Akhera.

Mei 2008 mashambulizi dhidi ya wageni yalianzia Alexandra yakafika Diepsloot. Watu walifukuzwa kwa hoja kwamba si wa hapo. Lakini tukiikubali hoja ya Harith, kwamba jina huonyesha mwenye mali, basi kila isitaladi ya Diepsloot ni ya Roma, na hakuna mkazi wake, mwenyeji wala mgeni, mwenye haki ya kuikanyaga.