Kuwamba Kiti: Historia ya Ufundi wa Henzirani

Kila mwalimu wa Kiswahili hulijua neno kitanda, lakini ni wachache kati ya wanafunzi wetu wanaotambua kwamba ndani yake limo neno tanda. Kitanda cha kale cha mwambao kilikuwa kiunzi cha mbao kilichotandwa kamba za ukindu au za usumba. Kamba zikikatika, zilifunguliwa na kutandwa upya. Kazi hiyo huitwa pia kuwamba, kama vile ngoma inavyowambwa ngozi. Katika makala haya twapenda kueleza habari za ndugu yake kitanda hicho, yaani kiti cha henzirani, ambacho nacho hakidumu ila kwa mkono wa mtu ajuaye kukiwamba.

Henzirani, neno lililotufikia kutoka Kiarabu, mara nyingi huchanganywa na mwanzi. Mwanzi una uwazi ndani, henzirani haina. Ni mmea wa jamaa ya minazi na mitende, utambaao juu ya miti mingine katika misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Katika misitu ya Kongo pia zimo aina zake, na mafundi wa Kinshasa hutengenezea viti. Ganda lake la nje, gumu na lenye kung'aa, huchanwa likawa nyuzi bapa, na hizo ndizo zinazosukiwa makalio ya kiti.

Katika karne ya 17 vyombo vya biashara vilipeleka henzirani Ulaya, na tangu miaka ya 1660 mafundi wa London walikuwa wakiunda viti vya namna hiyo. Watu walivipenda kwa wepesi wake na kwa kuwa havifugi vumbi wala nondo. Mwaka 1859 Michael Thonet, seremala mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Vienna, alitoa kiti chake nambari 14, cha mti uliopindwa kwa mvuke na makalio ya henzirani. Kufikia mwaka 1930 vilikuwa vimeuzwa kiasi cha milioni 50.

Ufundi wenyewe una taratibu yake. Ukingo wa kiti hutobolewa matundu, na nyuzi hulowekwa majini zilainike. Safu ya kwanza huanzia tundu la katikati, ikatoka nyuma kwenda mbele. Ya pili huikatiza kwa juu, upande hadi upande. Ya tatu hufuata njia ya ile ya kwanza, na ya nne husukwa kati ya hizo zilizotangulia. Waliozoea ufumaji watautambua mtande na mshindio. Safu ya tano na ya sita hupita hanamu, moja kulia na moja kushoto, kisha uzi mpana hufunika matundu. Henzirani ikikauka hukaza, na kiti huwa tayari kukaliwa.

Kwa kuwa vidole vyaweza kuyafuata matundu bila msaada wa macho, kazi hii ilifundishwa katika shule za vipofu za Uingereza na Marekani katika karne ya 19, na wengi walijipatia riziki kwayo.

Hasara huanza msuko unapotoboka na mwenye kiti asione fundi. Hupigilia ubao juu yake. Misumari hupasua ukingo, matundu huharibika, na kiti ambacho kingetengenezeka hakitengenezeki tena. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Viti vya enzi vya Lamu na Unguja, vyenye kiunzi cha mpingo na nakshi za pembe, navyo vina makalio na maegemeo ya nyuzi zilizosukwa. Mpingo wake wadumu vizazi na vizazi. Nyuzi zake haziwezi.

Pamoja na ufundi hupotea maneno. Mtoto asiyeona kitanda kikiwambwa, atayajuaje mtande, mshindio na hanamu? Basi twawaomba walimu wenzetu wawapeleke wanafunzi kwa wazee wanaosuka, wayaandike majina ya kila kifaa na kila hatua kama wazee wanavyoyatamka, na wajaribu kusuka kwa mikono yao wenyewe. Kamusi itawapa maana ya kuwamba. Namna ya kukaza uzi wataipata kwa fundi.