Lanet hadi Mombasa: Umbali na muda wa safari kwa ndege

UMBALI wa angani kati ya uwanja wa ndege wa Lanet, Nakuru, na Uwanja wa Kimataifa wa Moi, Mombasa, ni takriban kilomita 560, yaani zaidi kidogo ya maili 300 za baharini ambazo marubani hutumia katika hesabu zao. Kwa barabara, kupitia Nairobi, safari hiyo hukaribia kilomita 640.

Tofauti hiyo ya kilomita 80 si kubwa kama wengi wanavyodhani. Faida ya ndege imo katika mwendo. Basi linaweza kuchukua saa 11 au 12, na zaidi panapotokea msongamano. Ndege ndogo ya abiria kama Cessna Caravan, iendayo kilomita 320 hivi kwa saa, huhitaji saa moja na dakika 45 angani. Ndege kubwa ya mapanga kama Dash 8 Q400 inaweza kumaliza safari kwa saa moja na dakika chache.

Mstari ulionyooka kutoka Lanet huelekea kusini mashariki, ukavuka nyanda za Kinangop na ukingo wa kusini wa Nyandarua, ukapita karibu na Machakos, kisha juu ya mbuga ya Tsavo Mashariki hadi Pwani. Rubani hawezi kuufuata kikamilifu kila mara, kwani anga ya Nairobi ina shughuli nyingi na waongozaji ndege huweza kumwelekeza kwingine.

Upepo nao una kauli yake. Wakati wa kusi, ndege iendayo Mombasa hukabiliana nao. Upepo wa kilomita 40 kwa saa ukiivuma Caravan usoni, safari hufikia saa mbili. Ukiisukuma kutoka nyuma wakati wa kurudi, hupungua hadi saa moja na nusu hivi.

Jambo lisilotajwa sana ni mwinuko. Lanet iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali uwanja wa Mombasa uko mita 60 tu. Hewa ya Lanet ni nyepesi kwa takriban asilimia 17, na jua la mchana huizidisha wepesi. Injini hupoteza nguvu, mabawa hubeba kidogo, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia au ipunguze abiria na mizigo. Kwa hiyo ndege iliyojaa Mombasa huenda isiruhusiwe kuondoka Lanet ikiwa na mzigo uo huo.

Kuna pia ndege wenye manyoya. Heroe na mwari husafiri kati ya Ziwa Nakuru na Ziwa Elementaita, na mwari hupaa juu sana hewa inapopata joto. Kugongana nao ni hatari ya kweli.

Lanet, ambako wanajeshi waliasi Januari 1964, ilijulikana kwa miaka mingi kama uwanja wa kijeshi. Mipango ya kuupanua kwa abiria ilipata uzito Nakuru ilipopandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Desemba 1, 2021.

Mkazi wa Nakuru anayepandia ndege Nairobi husafiri kwanza kilomita 160 hivi kwa gari, kisha akasubiri ukaguzi. Saa moja ya angani humgharimu saa sita tangu atoke nyumbani.