Chumvi, magadi, kostiki na jiki: sodiamu iliyo nyumbani kwako

Binti wa jirani yangu hapa Nkoma, anayesoma kidato cha tatu, alikuja jioni moja na daftari la kemia. Swali lilikuwa hili: gramu 8 za haidroksaidi ya sodiamu zikichanganywa na asidi ya haidrokloriki ya kutosha, zitatoa gramu ngapi za chumvi?

NaOH + HCl → NaCl + H₂O

Jumlisha uzito wa atomi. NaOH ni 23 + 16 + 1, yaani 40. NaCl ni 23 + 35.5, yaani 58.5. Kwa hiyo gramu 40 za kwanza hutoa gramu 58.5 za pili. Nane ni sehemu ya tano ya 40, basi gawanya 58.5 kwa 5: jibu ni gramu 11.7.

Haidroksaidi ya sodiamu ndiyo kostiki soda wanayotumia akina mama kwenye vikundi vya kutengeneza sabuni. Binti alipolijua hilo akaniuliza, "Shangazi, kama asidi inaigeuza kostiki kuwa chumvi na maji, mtu akimwagikiwa si tumpake ndimu?"

Hapana. Nimewahi kumpokea mtoto aliyekwisha kupakwa ndimu kabla ya kuletwa kituoni, na aliyempaka alikuwa na nia njema kabisa. Kwenye daftari hesabu iko sawa, ila haionyeshi joto. Gramu 40 za kostiki zikikutana na asidi hutoa joto linalotosha kupandisha lita nzima ya maji kwa nyuzi 13 hivi. Juu ya ngozi hakuna lita ya maji ya kulibeba joto hilo. Linabaki palepale kwenye kidonda, na mtoto anaungua mara ya pili.

Kostiki ikimpata mtoto

Ikiwa ni unga au chembe, zipanguse kwanza kwa kitambaa kikavu. Mvue nguo zilizolowa, kisha mmwagie maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, hata kama halii. Kostiki huanza kula ngozi kabla maumivu hayajawa makali. Ule utelezi unaousikia vidoleni ukigusa maji yake ni mafuta ya ngozi yako mwenyewe yanayogeuka sabuni. Jichoni fanya vivyo hivyo: fungua kope, mimina maji taratibu kutoka upande wa pua kwenda nje, halafu nendeni kituo cha afya siku hiyohiyo.

Akiwa ameimeza, msafishe mdomo kwa maji na umkimbize kituoni. Usimtapishe, maana ikirudi juu itaunguza koo mara ya pili. Usimlazimishe kunywa maziwa, mafuta wala ndimu. Beba chombo alichokinywea ili mhudumu akione. Hata akionekana mzima, lazima apimwe: kovu la ndani huweza kubana njia ya chakula, na wiki kadhaa baadaye mtoto anashindwa kumeza ugali.

Hatari kubwa ni chupa. Kwa mtoto, soda ni kinywaji cha sikukuu, nasi tunaweka kostiki soda iliyoyeyushwa kwenye chupa ileile ya soda. Tumia dumu lenye mfuniko wa kukaza, ulifungie juu. Wakati wa kuchanganya, tia kostiki kidogokidogo ndani ya maji baridi. Ukimwaga maji juu ya kostiki, yanaweza kuchemka ghafla na kukurukia usoni.

Jiki

Hii ina sodiamu pia (NaOCl). Usiichanganye na dawa kali ya kusafishia choo, ambayo mara nyingi ni asidi:

NaOCl + 2HCl → NaCl + H₂O + Cl₂

Hiyo Cl₂ ya mwisho ni gesi ya klorini, inayounguza mapafu. Ukisikia harufu inayokaba kooni, toka nje na watoto kwanza. Mengine baadaye.

Magadi

Magadi ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu. Yanalainisha maharage haraka na kuokoa kuni, na kwenye mlenda sisi Wasukuma hatubishani. Lakini yanaharibu vitamini B1 na C, hivyo tia kidogo sana. Kuloweka maharage usiku kucha kunasaidia vilevile. Mwenye shinikizo la damu ayaepuke, na mjamzito mwenye kiungulia aje kliniki badala ya kuyalamba. Mtoto mchanga asipewe kabisa, hata kwa ajili ya gesi tumboni.

Chumvi

Wazee wa Usukuma walisafiri kwa misafara hadi Ziwa Eyasi kuchota chumvi. Tatizo la chumvi ya namna hiyo, au ya kupimwa kwenye kopo gulioni, ni kwamba huenda haijatiwa madini joto, ambayo ubongo wa mtoto unayahitaji tangu akiwa tumboni. Nunua ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto, uifunike vizuri.

Mtoto akiharisha, tumia pakiti ya ORS kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, pamoja na vidonge vya zinki kutoka zahanati. ORS ikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visiwe vya mlima. Onja kabla ya kumpa: ikizidi chumvi ya machozi, mwaga uanze upya, kwa sababu chumvi ikizidi huvuta maji kutoka mwilini mwa mtoto ambaye tayari amekaukiwa.